Betri kavu au lithiamu? Kubadilisha betri na inveta za gari la kambi Kanda ya Ziwa

Kabla ya kuuliza betri ya Ah (amp-saa) ngapi, jiulize gari linalala mbali na umeme wa TANESCO mara ngapi kwa mwezi, na likishaegeshwa linakaa siku ngapi bila injini kuwashwa. Land Cruiser inayopeleka wageni Ndabaka, lango la Serengeti, ikalala Lamadi usiku mmoja na kurudi Mwanza kuchajiwa, haina mahitaji sawa na Coaster inayovuka kwa kivuko cha Kisorya kwenda Ukerewe na kukaa ufukweni wiki nzima ikiwa na friza ya samaki. Ya kwanza itaishi vizuri na betri kavu. Ya pili itazimaliza betri hizo ndani ya mwaka mmoja au miwili, na mwenye gari atalaumu duka.

Jambo la pili la kujua mapema ni volti za gari lenyewe. Hiace na Land Cruiser nyingi ni volti 12. Coaster za dizeli zilizotoka Japani mara nyingi ni volti 24: utakuta betri mbili zimeunganishwa mfululizo. Usimruhusu fundi achukue volti 12 kutoka betri moja kati ya hizo mbili kwa ajili ya taa na redio. Moja itachoka na nyingine itachajiwa kupita kiasi, na zote zitakufa.

Hesabu ya matumizi

Chukua gari la watu wanne. Friji ya kompresa ya volti 12, lita 50, inakula wati 45 ikiwa inazunguka, na kwa joto la ndani ya gari inazunguka karibu nusu ya siku: Wh (wati-saa) 540. Taa nne za LED za wati 5 kwa saa 5 ni Wh 100. Feni ya wati 20 kwa saa 8 za usiku ni Wh 160. Simu na laptop, weka Wh 250. Pampu ya maji, Wh 20. Jumla ni Wh 1,070 kwa siku.

Sasa toa friji hiyo, weka friza ndogo ya nyumbani ya volti 230. Friza peke yake itakula Wh 1,200 hivi. Lakini pia inataka inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa volti 230, iwe imewashwa saa 24, na inveta ya wati 2,000 ya kawaida inakula wati 25 hata isipobebeshwa kitu. Hizo ni Wh 600 kwa siku, zaidi ya friji nzima ya volti 12. Jumla yako imepanda kutoka 1,070 hadi 2,330 na hujapata hata kikombe cha chai cha ziada.

Kwa hiyo maboresho ya kwanza, na ya bei nafuu kuliko yote, ni kuhamishia kila kinachowezekana kwenye volti 12 au 24 moja kwa moja: friji, feni, taa, pampu, chaja za simu. Inveta ibaki ya vitu vichache, na iwe na swichi unayoifikia kutoka kitandani.

Kupikia usikuweke kwenye betri. Birika la wati 2,000 linachemsha lita moja na nusu kwa kutumia Wh 170 hivi, ambazo si nyingi, ila linazivuta kwa dakika tano kwa amp 185 kwenye volti 12. Mtungi wa gesi wa kilo 6 unafanya kazi hiyo bila kukulazimisha kununua inveta kubwa na waya mnene kwa ajili ya birika moja.

Betri tatu ana kwa ana

| | Betri ya lori ya maji, N200 | Betri kavu ya jeli au AGM, Ah 200 | Lithiamu LiFePO4, Ah 100 |
|---|---|---|---|
| Umeme ulioandikwa | Wh 2,400 | Wh 2,400 | Wh 1,280 |
| Unaotumika bila kuiumiza | robo hivi | Wh 1,200 | Wh 1,024 |
| Mizunguko (kutumia na kujaza tena) kwa kiwango hicho | michache | 500 hivi | 3,000 hivi |
| Uzito | kilo 50 hivi | kilo 55 hadi 65 | kilo 10 hadi 13 |
| Muda wa kujaa, chaja ikitosha | saa 8 hadi 10 | saa 8 hadi 10 | saa 2 hadi 4 |
| Gesi | inatoa | kidogo, ikizidishiwa chaji | haitoi kwa kawaida |

Betri ya lori imewekwa hapo kwa sababu ndiyo watu wengi wanaanza nayo. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kumwaga amp nyingi kwa sekunde chache na kuwasha injini, kisha zijazwe mara moja. Ukiimaliza kila usiku, risasi inapukutika sahanini na baada ya miezi michache inakaa chaji saa moja. Juu ya hayo inatoa haidrojeni. Ndani ya gari la kulala watu haina nafasi.

Tahadhari ya jina: dukani "betri kavu" ni pia ile ya gari isiyoongezwa maji. Hiyo bado ni ya kuwashia injini. Soma lebo. Ukiona CCA, yaani amp za kuwashia injini, imeandikwa kwa herufi kubwa, ni ya injini. Ya kambi huandikwa Ah pamoja na C10 au C20, yaani imepimwa kwa kumalizwa kwa saa 10 au 20, na volti za kuchaji za matumizi ya mzunguko.

Kati ya jeli na lithiamu hesabu ni rahisi. Jeli ya Ah 200 inakupa Wh 1,200 mara 500: kilowati-saa 600 katika maisha yake. Lithiamu ya Ah 100 inakupa Wh 1,024 mara 3,000: zaidi ya 3,000. Maana yake hata lithiamu hiyo ikiuzwa mara nne ya bei ya jeli, kwa anayeitumia kila siku bado ni rahisi kwa kila kilowati-saa. Chukua bei mbili ulizopewa dukani, gawa kila moja kwa namba yake, uone.

Hesabu hiyo inageuka kwa anayelala nje usiku ishirini kwa mwaka. Miaka mitano ni mizunguko 100 tu. Jeli itakufa kwa uzee kabla ya kufa kwa kazi, na fedha ya lithiamu itakuwa imelala garini. Gari la namna hiyo tusingelibadilishia betri za kavu zilizo nzima. Tungelibadilishia inveta na waya.

Kuna mambo mawili ambayo lebo haisemi wazi. La kwanza: Ah 200 za betri ya risasi, iwe ya maji, jeli au AGM, kwa kawaida hupimwa kwa kutoa amp 10 kwa saa 20. Ukivuta amp 100 haitakaa saa mbili. Itakaa saa moja na dakika chache. Lithiamu ukiivuta kwa kasi inapoteza kidogo sana. La pili ni kujaa. Betri ya risasi inapokea haraka mpaka asilimia 80, kisha asilimia 20 za mwisho zinataka saa tatu, nne au zaidi za chaji ya polepole. Jua la Mwanza linazama karibu na saa moja jioni mwaka mzima, hakuna msimu wa kukuongezea saa. Friji ikiwa inakula wakati huohuo, betri haijai, na betri ya risasi isiyojaa kwa wiki kadhaa inajenga ukoko wa salfati sahanini usiotoka tena. Hiki ndicho kinachoua betri kavu nyingi visiwani, kuliko kuzimaliza chaji. Lithiamu haijali kubaki asilimia 60.

Joto nalo lihesabu. Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na hewa yake si ya Dar es Salaam, lakini sanduku la chuma chini ya kiti kwenye jua ni hadithi nyingine. Kila nyuzi 8 hadi 10 juu ya 25 zinapunguza maisha ya betri ya risasi kwa nusu. Lithiamu nayo haipendi kukaa juu ya 45. Weka betri sakafuni upande usiopigwa na jua la mchana, mbali na bomba la moshi.

Kabla hujalipa, pima uzito. Jeli ya Ah 200 yenye kilo 35 si ya Ah 200. Risasi haina njia ya mkato. Lithiamu ya Ah 200 isiyofika kilo 18 nayo itilie shaka. Kisha jaza, unga inveta ndogo na balbu ya wati 100, andika saa. Lithiamu nzima ya Ah 100 iiwashe kwa saa 10 au zaidi. Ikizima saa ya sita, rudisha siku hiyohiyo. Betri zilizotoka kwenye minara ya simu zinazozungushwa mitaani bila risiti, ziache: hujui umri wake, na hujui mwenye mali.

Usiunge lithiamu sambamba na betri ya risasi, wala jeli mpya na ya zamani. Dhaifu itainyonya nzima.

Inveta: ya wimbi safi, na ndogo kuliko unavyodhani

Zipo za wimbi la kuigiza na za wimbi safi, ambazo umeme wake ni laini kama wa TANESCO. Ya kuigiza ni rahisi, na balbu na pasi haziioni tofauti. Mota ya friza inaiona: inanguruma, inapata moto, na inaishi muda mfupi. Chaja ndogo za bei ya chini, za mashine ya kunyolea na taa za kuchaji, huungua kabisa. Kwa gari lenye friza au laptop, hakuna ubishi, nunua ya wimbi safi.

Ubishi uliobaki ni wa transfoma. Inveta nzito ya transfoma, ya wati 2,000 hadi 3,000, ina uzito wa kilo 18 hadi 25 na inavumilia mshtuko wa mara tatu kwa sekunde kadhaa. Kompresa ya friza inapoanza inavuta mara tatu hadi saba ya wati zake, kwa hiyo uvumilivu huo una kazi. Inveta nyepesi ya kilo 5 hadi 8 inavumilia mara mbili tu, tena kwa sehemu ya sekunde. Lakini ile nzito inaweza kula wati 40 hadi 60 bila kubebeshwa kitu. Ukiwa na friza ya volti 230, chukua nzito na ongeza paneli. Ukiwa na friji ya volti 12 na laptop mbili, inveta nyepesi ya wati 500 au 1,000 inatosha, na itakula wati 10 hivi.

Namba kwenye boksi usiiamini. Fungua kifuniko, hesabu fyuzi za ndani. Zikiwa tatu za amp 30 una amp 90. Zidisha kwa 12, unapata wati 1,080. Hiyo ndiyo inveta uliyoshika, hata kama imeandikwa 3,000.

Zile inveta za ukutani zenye chaja na kontrola ya sola ndani, zinazofungwa majumbani, zinavutia kwa kuwa kila kitu kipo. Sababu mbili zinazikwamisha garini. Hazikutengenezwa kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi, na nyingine zinaanza kuchaji pale tu paneli zinapofikisha volti 120. Paneli mbili za juu ya gari zikiungwa mfululizo hazifiki hapo. Utafunga kila kitu, jua liwe kali, na kioo kiandike sifuri.

Na kuna wadudu wa ziwani. Wakipanda kama moshi kutoka majini wanafuata taa, na feni ya inveta inawavuta ndani mpaka wanakuwa keki kwenye mapezi ya kupozea. Inveta inaanza kuzima kwa joto na fundi anabadilisha betri. Funga wavu wa mbu mbele ya tundu la hewa, uwe mkubwa mara tatu ya tundu lenyewe ili hewa isizibwe, na uupige vumbi kila wiki. Usifunge inveta juu ya betri za maji; mvuke wa asidi unakula saketi.

BMS na inveta vikubaliane

Lithiamu ina saketi ya kuilinda, BMS. Betri ya Ah 100 kwa kawaida ina BMS ya amp 100, yaani wati 1,280 na si zaidi. Ukiifunga na inveta ya wati 2,000 itakata gari zima gizani friza inapoanza, na utaambiwa betri ni mbovu. Ni nzima, imejilinda. Kwa wati 2,000 weka betri mbili sambamba au moja yenye BMS ya amp 200.

Inveta nyingi za bei ya chini hukata betri ikishuka volti 10.5. Kwa jeli hapo umeshaiumiza. Weka 11.8 kwa jeli na 12.0 kwa lithiamu, kama inveta inaruhusu kubadilishwa. Kama hairuhusu, hiyo ni sababu ya kutoinunua. Pia usipime chaji ya lithiamu kwa volti. Kati ya asilimia 40 na 80 inakaa kwenye 13.1 hadi 13.3, mita ya kawaida haitakuambia kitu. Funga mita yenye shanti inayohesabu amp zinazoingia na kutoka.

Waya, fyuzi, lagi

Hapa ndipo fedha inapobanwa, na hapa ndipo gari linapoungua. Wati 2,000 kwenye volti 12 ni amp 185 hivi. Kwa umbali wa mita moja na nusu, kwenda na kurudi mita tatu, waya wa milimita za mraba 25 unapoteza volti 0.38, na wati 70 zinageuka joto ndani ya waya. Wa 70 unapoteza volti 0.14. Kwa hiyo volti 12 na wati 2,000 ni waya wa 70, mfupi iwezekanavyo. Kwenye volti 24 amp zinashuka hadi 93, na wa 35 unatosha. Ndiyo sababu mwenye Coaster ya volti 24 asikubali kurudishwa kwenye 12 kwa kisingizio kwamba vifaa vya 12 ni vingi; kibadilishi kidogo cha 24 kwenda 12 kitalisha taa na pampu.

Kwangua ncha ya waya kwa kisu kabla ya kununua. Ikiwa ndani ni nyeupe, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Rudisha.

Fyuzi ya amp 250 kwa mfumo huo, ndani ya sentimita 20 kutoka nguzo chanya ya betri. Kwa lithiamu tafuta ya daraja la T. Zile zenye dirisha la plastiki za redio za magari zinaweza kushindwa kukata amp maelfu za lithiamu ikigusana. Lagi, vile vichwa vya ncha za waya, zibanwe kwa mashine ya haidroliki. Zilizogongwa kwa nyundo au kutiwa risasi peke yake zinalegea barabarani, zinapata moto, na moto unaanza pale.

Kuchaji

Waliobadilisha betri na kuacha chaja ya zamani ndio wanaorudi kwa fundi. Jeli inataka volti 14.1 hadi 14.4 na 13.6 za kutunza, AGM 14.4 hadi 14.7, lithiamu 14.2 hadi 14.4, kutunza 13.5, bila kusawazisha na bila fidia ya joto. Chaja ya betri za maji yenye hatua ya kusawazisha inapanda 15.5, na BMS itakata katikati ya kuchaji.

Altaneta, jenereta inayozungushwa na injini, ina hatari yake. Lithiamu inanyonya kila inachopewa. Ikiungwa moja kwa moja, altaneta ya amp 80 itafanya kazi yote kwa nguvu zake zote huku gari likinguruma pale pale kwenye foleni ya Kisorya, feni yake ikizunguka polepole. Inaungua. BMS ikikata ghafla, diodi zake zinapasuka. Weka chaja ya DC kwenda DC ya amp 30 katikati: safari ya saa mbili Mwanza hadi Lamadi inarudisha Ah 60 hivi, na altaneta inapumua.

Sola huku ina bahati ya pekee. Tupo nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli iliyolala bapa juu ya paa haipotezi sana. Wati 400 zitakupa Wh 1,300 hivi siku ya jua, nusu au chini ya hapo siku ya masika. Hasara inatoka kwingine: kinyesi cha makorongo, vumbi, na kivuli cha miamba. Kuegesha nyuma ya jabali kwa ajili ya ubaridi kuanzia saa tisa kunakugharimu sehemu kubwa ya jioni. Chagua kontrola ya MPPT, inayogeuza volti za ziada za paneli kuwa amp za kuchaji, hasa kama paneli ni zile kubwa za nyumbani.

Nani achukue nini

Gari la usiku mmoja mmoja: betri kavu moja ya Ah 200, friji ya volti 12, inveta safi ya wati 500, sola wati 200. Usitumie fedha zaidi ya hapo.

Hiace au Land Cruiser inayolala nje nusu ya mwezi: lithiamu Ah 200 ya volti 12, inveta nyepesi ya wati 1,000, chaja ya DC ya amp 30, sola wati 400. Utaokoa zaidi ya kilo 80 ukilinganisha na jeli mbili, na kwenye Hiace kilo hizo ni abiria mmoja na mzigo wake.

Coaster yenye friza: volti 24, lithiamu Ah 200, inveta ya transfoma ya wati 3,000, waya wa 50, fyuzi ya amp 200, sola wati 800 paa likiruhusu. Ukikosa fedha ya sola hiyo, usinunue friza. Barafu ya mwaloni, soko la samaki, ni rahisi zaidi.

Kwa wote, nunua kwa muuzaji ambaye dhamana yake inatekelezwa Mwanza. Betri ya kilo 25 kuirudisha Kariakoo kwa basi ni safari ambayo wengi hawaifanyi.

Siku ya kukabidhiwa gari, mwambie fundi aunge inveta kwanza kupitia balbu ya nyuzi kwa sekunde chache kabla ya kukaza lagi, kapasita zijae bila cheche. Kisha bebesha inveta robo tatu ya uwezo wake kwa dakika kumi na uguse kila lagi, inveta ikiwa imezimwa. Moja ikiwa ya moto kuliko jirani yake, haijabanwa. Baada ya kilomita 500 za barabara ya vumbi kaza boliti zote tena. Za M8 kwa kawaida zinataka Nm 9 hadi 12, lakini fuata lebo ya betri, kwa sababu nguzo ya lithiamu iliyokazwa kupita kiasi inang'oka.